Kipa Ambaye Hakuwahi Kukosa Mechi

Georges Vézina amezikwa Chicoutimi, mji ulio kando ya mto Saguenay katika jimbo la Quebec, Kanada. Alizaliwa huko tarehe 21 Januari 1887 na akafia huko tarehe 27 Machi 1926, akiwa na miaka 39. Kati ya tarehe hizo alisimama langoni mwa Montreal Canadiens kwa misimu 15 bila kukosa mechi hata moja. Zilikuwa zaidi ya mechi 320 za ligi mfululizo, ukiacha zile za kugombea kombe. Mechi aliyoshindwa kuimaliza ilikuwa moja tu, nayo ndiyo ilikuwa ya mwisho.

Nawasimulia habari hii watu wa kwetu Dundori, karibu na Nakuru, Kenya, hasa vijana wanaocheza mpira Jumapili alasiri na makocha wanaowapanga, kwa kuwa kilichomuua Vézina kinaishi kwetu pia. Huku juu ni baridi. Ukungu hushuka kutoka msituni kabla ya jua kuchomoza, nyumba hufungwa madirisha tangu magharibi, matatu za Lanet na Nakuru hupanda na kushuka na vioo vimefungwa, na jioni familia nzima hukaa jikoni karibu na moto. Mtu akikohoa wiki mbili tunasema ni baridi. Akikohoa mwezi tunasema ni vumbi la shamba au moshi wa kuni. Akikohoa miezi mitatu tunaanza kunong'ona, na kwa wakati huo kijana ameshabeba magunia ya viazi mpaka mabega yamebaki mifupa.

Mchezo wa Vézina ulikuwa hoki, mpira wa magongo unaochezwa juu ya barafu. Kenya umefika pia. Nairobi kuna uwanja wa barafu ndani ya hoteli ya Panari kwenye barabara ya Mombasa, na hapo ndipo ilipokulia timu ya Ice Lions. Wachezaji huvaa viatu vyenye chuma chembamba chini ili wateleze, na badala ya mpira wa duara hupiga kisahani cha mpira mgumu ambacho kikimpata mtu mdomoni humtoa meno. Makipa wa enzi za Vézina walisimama mbele ya kisahani hicho uso mtupu. Ni Jacques Plante, kipa aliyechezea Montreal hiyohiyo miaka mingi baadaye, aliyeanza kuvaa kinga ya uso kila mara katika mechi za ligi Novemba 1959, na wengine wakamfuata polepole. Tena mpaka Januari 1918 sheria za ligi kuu hazikumruhusu kipa kujiangusha kwenye barafu ili kuzuia. Ilimpasa asimame wima, apigwe akiwa wima.

Baba yake alikuwa mwoka mikate. Georges aliacha shule akiwa na miaka 14 akaenda kumsaidia baba tanurini, na mchezo wenyewe aliujifunzia mitaani akiwa na viatu vya kawaida. Hakuvaa viatu vya kutelezea mpaka alipofika umri wa miaka 16. Mwezi Februari 1910 Canadiens, timu ya kulipwa kutoka jiji kubwa, walikwenda Chicoutimi kucheza mechi ya kirafiki na vijana wa mji. Kila mtu alitarajia wenyeji wachapwe. Mwoka mikate yule akawazuia. Kipa wa wageni, Joseph Cattarinich, alipoona alivyozuia akawaambia mabosi wake wamchukue kijana yule, huku akijua kwamba nafasi inayotolewa ni yake mwenyewe. Nawaomba makocha wasiipite sehemu hii haraka. Mtu aliyeketi kitini mwenye kukiona kipaji cha mwingine na kumpisha ni adimu, na Canadiens walimpata.

Vézina alikataa mwanzoni. Walimrudia Desemba, naye akakubali kwa mshahara wa dola 800 kwa msimu. Alicheza mechi yake ya kwanza ya kulipwa tarehe 31 Desemba 1910. Tangu siku hiyo, kila Canadiens walipoingia uwanjani, mtu wa langoni alikuwa yeye. Ligi ilivunjika na nyingine, NHL, ikaundwa mwaka 1917, wamiliki walibadilika, wachezaji walikuja na kuondoka, yeye akabaki. Alishinda Kombe la Stanley, kombe kuu la mchezo huo, mwaka 1916, na mwanawe wa pili aliyezaliwa wakati wa ushindi huo akapewa Stanley kuwa jina lake la kati. Akalishinda tena mwaka 1924. Msimu ukiisha alirudi Chicoutimi, alikokuwa na kiwanda kidogo cha kutengeneza ngozi. Watu walimsifu kwa utulivu wake. Hakugombana, hakubishana na waamuzi, hakulalamika akiumia.

Timu hiyo ilikuwa imeonywa mapema kuhusu magonjwa ya mapafu. Machi 1919 ilisafiri kwa treni kuvuka bara zima hadi Seattle, Marekani, kucheza fainali ya Kombe la Stanley, katika mwaka ule ambao homa ya mafua ya dunia ilikuwa ikiua watu kila mahali. Timu zikawa zimelingana, na mechi ya kuamua ikapangwa tarehe 1 Aprili. Haikuchezwa. Wachezaji kadhaa wa Montreal pamoja na meneja wao, George Kennedy, walikuwa kitandani na homa kali. Kombe la mwaka huo halikupata mwenyewe. Beki wao Joe Hall, mtu mwenye sifa ya ukali na mwili wa chuma, alifariki Seattle tarehe 5 Aprili. Kennedy alirudi nyumbani akiwa hai lakini afya yake haikurejea sawasawa, akafa mwaka 1921. Kwa hiyo wanaume waliokuwa na Vézina walijua, kwa kuzika mwenzao, kwamba mwenye nguvu hukatwa pumzi kama mtu mwingine yeyote. Miaka sita baadaye walikuwa wameshasahau, au walikumbuka lakini hawakuona kwamba habari hiyo inamhusu mtu aliye mbele yao.

Msimu wa mwaka 1925 ulipoanza Vézina alikuwa amekonda sana. Tarehe 28 Novemba Canadiens walikuwa nyumbani, uwanja wa Mount Royal, wakicheza na timu mpya ya Pittsburgh. Kipa alikuwa na homa karibu nyuzi 39. Akavaa pedi zake, akaingia, akacheza kipindi cha kwanza chote, dakika 20, bila kufungwa. Wakati wa mapumziko, chumbani, alitapika damu. Mtu anayetapika damu katika chumba kilichojaa wanaume hafichiki. Wapo waliokuwa wakifunga kamba za viatu, wapo waliokuwa wakinywa maji, na wote walikuwa na macho. Kipindi cha pili kilipopigiwa filimbi, mtu huyo akatoka tena na wenzake akaenda langoni. Mchezo ulikuwa haujaendelea sana alipoanguka kwenye barafu. Wakambeba nje, na Alphonse Lacroix, kijana aliyekuwa kipa wa Marekani katika Olimpiki ya mwaka 1924, akaingia kumalizia mechi.

Kesho yake madaktari wakasema ni kifua kikuu. Wakamshauri arudi kwao.

Tarehe 3 Desemba alipita tena kwenye chumba cha wachezaji, akakaa pahali pake pa siku zote kwenye kona. Alichoomba kuchukua kilikuwa fulana moja, ile aliyoivaa katika fainali ya kombe. Akaondoka nayo kwenda Chicoutimi, na klabu ikamlipa mshahara wake wote wa msimu. Miezi minne haikutimia akafa katika hospitali ya Hôtel-Dieu ya mji huohuo. Bila yeye Canadiens walimaliza msimu mkiani.

Wamiliki watatu wa klabu, Leo Dandurand, Louis Létourneau na yule Cattarinich aliyempisha langoni mwaka 1910, walitoa kombe lenye jina lake. Hadi leo Kombe la Vézina hutolewa kila mwaka kwa kipa bora wa ligi ya NHL, na mtu wa kwanza kulichukua alikuwa George Hainsworth, aliyerithi lango lake. Jumba la michezo la Chicoutimi nalo lina jina lake. Mtu aliyekufa na miaka 39 amekuwa akiheshimiwa kwa miaka 100.

Heshima hiyo naikubali, lakini namna habari yenyewe inavyosimuliwa inanitia wasiwasi. Ukiisoma kwa wanaoipenda hoki utaona sifa kuu ni kwamba mtu huyu hakusema neno. Aliumwa na hakusema. Alitapika damu na akarudi uwanjani. Msimulizi mkubwa wa habari hizo alikuwa Dandurand, yaani mwajiri wake. Ni Dandurand huyohuyo aliyewaambia waandishi wa habari kwamba Vézina ana watoto 22. Magazeti yakachapisha, na watu wakarudia kwa miaka mingi. Ukweli ni kwamba wanawe walikuwa wawili. Simulizi ya mwajiri kuhusu mfanyakazi aliyevumilia mpaka kufa tuisikilize kwa makini, kwa sababu mwajiri ndiye aliyefaidika na kila mechi ambayo mgonjwa yule hakuikosa.

Sisemi Dandurand alikuwa mtu mbaya. Alilipa mshahara wa mtu aliyekuwa hawezi tena kufanya kazi, katika zama ambazo hakuna sheria iliyomlazimisha. Lakini fedha hizo zilitolewa baada ya kuanguka. Siku ya tarehe 28 Novemba, kabla ya kipindi cha pili, hakuna aliyefunga mlango wa chumba na kusema, leo huendi.

Sababu moja inajulikana. Timu za wakati ule zilisafiri na kipa mmoja. Hakukuwa na wa akiba aliyekaa benchi amevaa pedi, na hali iliendelea hivyo kwa miongo kadhaa baadaye. Siku hiyo Lacroix alikuwepo. Kipa mmoja akitoka, mchezo wote unayumba, na kila mtu chumbani anajua, na kipa mwenyewe anajua kuliko wote. Tunauita ujasiri, na sehemu yake ni ujasiri kweli, ila sehemu kubwa ni mtu asiye na wa kumshikia nafasi.

Nikilifikiria hilo naiona Dundori yote. Kijana anayepakia malori hulipwa kwa gunia. Asipokuja leo, hana cha leo. Mama mwenye kibanda cha mboga hana wa kumwachia kibanda. Mwenye ng'ombe wawili hawezi kulala, maana ng'ombe wanataka kukamuliwa alfajiri hata kama mkamuaji amelowa jasho la homa usiku kucha. Watu hawa si wajinga wa ugonjwa wao. Wamepiga hesabu ya siku moja ya kwenda kupimwa, nauli ya kwenda na kurudi, foleni, na kibarua kilichopotea, wakaona bora kununua chupa ya dawa ya kikohozi kwenye duka la dawa na kuendelea.

Tutazame uwanjani sasa. Jumapili, kama saa tisa, timu mbili za vijijini, nguzo za lango ni miti ya mkaratusi iliyochongwa. Kipa anaokoa mpira wa juu vizuri kabisa, watazamaji wanashangilia. Mpira ukiwa upande wa pili anainama, anashika magoti, anakohoa kikohozi kile kinachotoka chini kabisa. Anatema nyuma ya nguzo. Anatazama alichotema. Kisha anakisukumia udongo kwa ncha ya kiatu.

"Uko sawa, kijana?" kocha anamwita kutoka pembeni.

"Niko sawa, kocha."

Na mama mzee aliyekaa nyasini na mwavuli, asiyejua hata jina la timu, anasema, "Huyo si mzima. Mbona amekuwa na shingo ndefu hivyo?"

Mtu mwenye jicho kati ya hao wote ni shosho. Ameiona ile shingo kwa sababu ameshaiona kwa wengine. Kocha ameuliza swali ambalo jibu lake analijua tayari, kwa kuwa hakuna kipa duniani atakayejibu mbele ya uwanja mzima kwamba hayuko sawa. Kumwuliza mgonjwa mbele za watu kama anaweza kuendelea ni kumlazimisha aseme ndiyo. Kocha mwenye busara humngoja kando, baada ya mechi, watu wakishaondoka, na humwuliza maswali yenye majibu: Umekohoa tangu lini? Usiku unaloa jasho? Suruali hii ilikuwa inakubana mwaka jana? Nani mwingine anakohoa nyumbani?

Maswali hayo hayana siri. Ndiyo yanayoulizwa kila siku na wahudumu wa afya wa vijijini. Mwaka 2015 hadi 2016 Kenya ilifanya utafiti wake wa kwanza wa kitaifa wa kifua kikuu tangu uhuru, ukawafuata watu wanakoishi badala ya kungoja waje hospitalini. Ulikuta ugonjwa ni mwingi kuliko ilivyodhaniwa, wagonjwa karibu wanne katika kila kumi hawajagunduliwa, na wanaume wameambukizwa zaidi ya wanawake. Wengi waliokuwa na dalili hawakuwa wamekwenda popote kutibiwa, na sababu waliyoitoa ni kwamba hawakuona kama ni jambo zito. Wengi wao walikuwa vijana wenye nguvu za kufanya kazi, umri wa kudaka mipira.

Kifua kikuu husafiri hewani. Mgonjwa wa mapafu akikohoa, akiimba, akipiga kelele, hutoa vijidudu vinavyobaki vikielea katika hewa ya chumba kilichofungwa. Mwanga wa jua huviua, na upepo huvitawanya. Huwezi kukipata kwa kushikana mikono wala kwa kula sahani moja, kwa hiyo kumtengea mgonjwa kikombe chake ni kumtesa bure. Kufungua dirisha ndiko kunakosaidia, na hilo ndilo tusilolipenda huku kwenye baridi. Basi tunamnyima mgonjwa kikombe, tunamfungia dirisha, tumefanya yote mawili kinyume.

Sasa linganisheni bahati ya Vézina na yetu. Robert Koch alitangaza mjini Berlin tarehe 24 Machi 1882 kwamba amekiona kijidudu kinacholeta kifua kikuu. Hiyo ilikuwa karibu miaka mitano kabla Vézina hajazaliwa. Lakini kukijua kijidudu si kukiua. Mwaka 1926 daktari wa Chicoutimi angeweza kumwambia mgonjwa wake jina kamili la kitu kinachomla, kisha akamshauri apumzike, ale vizuri na avute hewa safi. Hakuwa na kidonge. Dawa ya kwanza ya kweli, streptomaisini, ilipatikana mwaka 1943, na hata hiyo ikitumika peke yake vijidudu vilijifunza kuishinda. Ikabidi dawa zichanganywe, na kwa muda mrefu mgonjwa alimeza na kudungwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi.

Aliyefupisha muda huo ni mgonjwa wa Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia zilishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza kujaribu kama tiba ya miezi sita ingetosha, ikiwa na dawa mpya iitwayo rifampisini. Matokeo ya kwanza yalichapishwa mwaka 1972: miezi sita ilitosha. Tiba inayotolewa leo duniani kote, kutoka Mumbai hadi Montreal, imetokana na majaribio hayo pamoja na mengine yaliyofuata. Waliokubali kupimwa makohozi na kudungwa sindano ili jambo hilo lijulikane walikuwa wakulima, vibarua na mama wa nyumbani wa nchi hizi. Natamani kila kijana wa Nakuru afundishwe hilo shuleni, maana tumezoea kusoma kwamba dawa hutoka kwingine.

Na dawa hizo hazilipiwi. Katika hospitali na zahanati za serikali Kenya, kipimo cha makohozi na tiba yote ya kifua kikuu hutolewa bure. Miezi miwili ya kwanza mgonjwa humeza dawa nne zilizounganishwa, minne inayofuata humeza mbili. Tangu siku za mwanzo mkojo hugeuka rangi ya chungwa, na wapo waliotupa vidonge kwa hofu kwa sababu hakuna aliyewaambia mapema kwamba ni rangi ya rifampisini tu. Wiki chache za dawa zikipita, mtu ambaye vijidudu vyake vinasikia dawa kwa kawaida huwa haambukizi tena. Ugumu huja karibu na mwezi wa tatu. Kikohozi kimekwisha, uzito umerudi, viazi viko tayari kuchimbwa, na kijana anajiambia amepona. Akiacha hapo, vijidudu vilivyobaki huweza kuwa sugu, na hapo safari ya pili huwa ndefu, yenye dawa kali, na mara nyingine haina mwisho mwema.

Nimekaa kwenye matanga mengi huku milimani. Wasifu wa marehemu husomwa, umechapwa vizuri na picha mbele, na kuna sentensi inayorudi: aliugua kwa muda na kuvumilia kwa ushujaa. Waombolezaji hutikisa kichwa kwa heshima. Hatuandiki aliugua nini. Kifua kikuu kimeunganishwa na aibu, kwa kuwa wengi hudhani kila mwenye nacho ana virusi vya ukimwi, na ingawa ni kweli virusi hivyo hufungua mlango wa kifua kikuu, wagonjwa wengi hawana virusi kabisa. Basi tunamfukia mtu shambani kwa baba yake na jina la ugonjwa linabaki mdomoni mwa majirani, nao waliolala chumba kimoja naye hawaambiwi wakapimwe. Kwa Vézina angalau jina lilisemwa siku ya pili tu. Kila mtu anayelijua Kombe la Vézina anajua alikufa kwa nini.

Kama ningekuwa na usemi katika ligi zetu ndogo, ningeomba kila timu iwe na makipa wawili wanaofanya mazoezi sawa na wanaocheza kwa zamu. Kipa anayejua kwamba kuna mwenzake atakayedaka vizuri Jumapili ijayo anaweza kusema ukweli Jumamosi. Lori nalo ni hivyohivyo: kikundi cha vibarua kinachoweka akiba kidogo kila wiki kinaweza kumlipia mwenzao nauli na chakula cha siku mbili za kupimwa, na kumwekea nafasi yake anaporudi. Vikundi tunavyo tayari. Tunachanga kwa harusi, tunachanga kwa mazishi, na mazishi yanatugharimu mara nyingi zaidi ya nauli ya kwenda hospitali Nakuru na kurudi.

Kipa anayeanza dawa Machi humaliza Septemba. Kwa muda huo kocha ana kazi ya kumtafuta, kumwuliza kama amemeza leo, kumkaribisha akae benchi hewa ikiwa wazi wakati dawa zimeshafanya kazi, ili asijione ametupwa. Watu wa nyumbani kwake wote waende kupimwa wiki hiyohiyo anapogunduliwa, na watangulie watoto walio chini ya miaka mitano, hata kama wanakula na kucheza, kwa sababu kwao ugonjwa huu hukimbia haraka na huweza kupanda hadi kwenye ubongo. Zamani wauguzi walilazimika kuvunja na kusaga vidonge vya watu wazima wakikisia kipimo cha mtoto. Sasa vipo vya watoto, vinayeyuka kwenye maji na vina ladha ya matunda. Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kuvisambaza kitaifa, mwaka 2016, na navyo hutolewa bure.